Makadi zinatoka kila wiki na wauzaji tumejaa, nisimamishe oda ama niendelee?

meza_ya_kadi

Wasee niaje, wakubwa shikamoo. Hii swali ni ya wale wako ndani ya mambo ya kadi za wachezaji, NBA na EPL sanasana, juu nimefika mahali sielewi tena. Mimi huuza kadi wikendi, nikona meza tu, sio duka, na kukiwa na zile siku za komiki na gemu pale Sarit natafutanga kona huko. Niliingia kwa hii kazi wakati wa korona, na wakati huo hata Marekani kwenyewe ilikuwa vita, mnakumbuka May 2021 Target walitoa kadi kwa maduka zao juu watu walipigania paking huko Wisconsin mpaka mmoja akatoa bunduki. Boksi ikifika Nairobi ilikuwa imeshalipiwa kitambo, unaitoa tu kwa mtu wa kago unapeana.

Sai kila wiki kuna kitu mpya. Chukua Prizm peke yake, hiyo seti ya kampuni ya Panini, mchezaji ako na kadi yake ya kawaida, alafu picha hiyo hiyo ya silva, ya kijani, nyekundu, buluu, zambarau, dhahabu, nyeusi, alafu hizo rangi tena zikuwe na mawimbi ama barafu ndani. Kuna msee wa kampasi alikuja juzi akanunua pakiti kadhaa akafungulia hapo mbele yangu, akapata Wembanyama ya ruki (kadi ya msimu wa kwanza, kwa wenye ni wageni), ya kijani. Hata hakuangalia uso wa mchezaji, aliigeuza mbio kuona kama iko na namba nyuma (ile ya kuonyesha zimeprintiwa ngapi), haina, akatoa simu akacheki bei eBay, akasonya. Akaweka hiyo moja kwa mfuko, zingine zote akaniachia kwa meza ati nitupe. Nikona beseni ya kufua nguo imejaa kadi za watu wameacha hivyo, kadi mpya kabisa zenye zimetoka kwa pakiti dakika hiyo.

Upande wa ushindani sasa ndio usiseme. Tulikuwa watu wa kuhesabika. Leo jamaa wa kuuza kava za simu ameweka pakiti za Topps kando ya chaja, na kuna wale wa TikTok laivu wanauza nafasi za timu, unatuma M-Pesa unapewa Lakers, boksi inafunguliwa, Lakers haitoki, umekula hewa na hakuna wa kuuliza. Na wote tunanunua kwa wauzaji wa jumla wale wale huko nje, kwa hivyo mmoja akishusha pakiti na hamsini inabidi nishushe. Ukitoa bei ya boksi, kago, VAT 16% na hizo makato zingine za forodha, yenye inabaki ni nauli ya kurudi Umoja.

Sasa wale wa video huko nje wanasema hii ni miaka ya 90 inarudi, ati kampuni zilikuwa nyingi zikashindana kuprinti mpaka kadi ikakuwa takataka. Sawa, lakini sai si kampuni inabaki karibu moja? Topps wamechukua NBA kutoka kwa Panini October 2025, EPL pia imerudi kwao msimu wa 2025/26. Kama shida ilikuwa ushindani wa kampuni, mbona makadi hazipungui? Na hizo maboksi za Panini za NBA nimekalia, niziweke ama niziachilie?

kware_alumni

Bosi, wenye tulikuwa watu wazima 2013 tushapitia hii maneno. Kware! Yai moja lilifika shilingi mia, watu wakapiga laini KWS (wale wa wanyamapori) kutafuta leseni ya kufuga ndege, wengine wakauza ng'ombe ndio wajenge vibanda, kufika 2014 unabeba trei mjini hakuna mtu anakuangalia, tukakula hayo mayai wenyewe mpaka watoto wakakataa. Na kware hakuwa na makosa. Shida ni kwamba mwenye alinunua vifaranga alinunua ndio auze vifaranga, mteja wake pia hivyo hivyo, na huko mwisho wa laini hakukuwa na mtu amekaa na sahani anangoja yai.

Jiulize hapo kwa meza yako, ni wangapi hununua kadi wakaenda nayo nyumbani wakaiweka, na ni wangapi hucheki eBay wakiwa bado wamesimama? Huyo wa kampasi amekujibu tayari. Achilia maboksi yote hata kama ni na hasara kidogo.

Mswahili_SouthB

Kwenye kware nimecheka sana lakini sikubaliani nawe ndugu yangu. Kware kila mwenye wavu aliweza kufuga, hakukuwa na mtu aliyeshika mfereji. Kadi ina mwenye mfereji. Huwezi kuprinti nembo ya Lakers wala sura ya mchezaji bila leseni ya ligi na ya chama cha wachezaji, kwa hivyo idadi ya kampuni sokoni inaamuliwa na mawakili, na ukizifuata hizo leseni ndipo unaona mafuriko yalipoanzia.

Topps walimnunua mshindani wao Bowman 1956, na kuanzia hapo kadi za baseball Marekani zikawa zao karibu peke yao. Fleer wakawapeleka kortini 1975, wakashinda 1980, na 1981 Fleer na Donruss wote wakaingia. Kabla mwaka kuisha korti ya rufaa ikaigeuza ile hukumu, ikasema haki ya Topps ni kwa kadi zinazouzwa peke yake au pamoja na vitu vitamu kama chingamu. Haya, wenzao wakatoa chingamu wakatia kitu kingine, Fleer wakaweka stika za timu, Donruss wakaweka vipande vya picha vya kuunganisha. Ujanja mtupu, na ulipita! Kisha 1988 wakaja Score, 1989 Upper Deck, na kampuni kongwe nazo zikaanza kuzaa seti za bei ya juu, Topps wakatoa Stadium Club 1991, Fleer wakatoa Ultra.

Tusiukosee adabu ushindani, ulileta ubora. Upper Deck walikuja na karatasi nzito nyeupe, hologramu nyuma ya kila kadi, na pakiti ya foili ambayo huwezi kuifungua ukairudisha. Zile za karatasi ya nta zilikuwa zinafunguliwa taratibu, mtu anachomoa kadi nzuri, anapitisha pasi ya moto kidogo, inaziba, anauziwa mtoto. Watu wa Luthuli msijifanye hamjui hiyo kazi. Ila ushindani huohuo uliwafanya watu wazima waanze kuweka maboksi chini ya kitanda wakisubiri yasomeshe watoto chuo, na kampuni zikaprinti za kuwatosha wote. Kadi namba 1 ya Upper Deck 1989 ni Ken Griffey Jr., ndiyo kadi ya kizazi kile, na PSA, kampuni inayopima hali ya kadi na kuipa greidi mpaka 10, peke yao wamegreidi makumi ya maelfu yake, zenye greidi 10 pekee ni maelfu. Agosti 1994 wachezaji wa baseball wakagoma, World Series, yaani fainali zao, ikafutwa, wanunuzi wakaondoka na wengi hawakurudi. Pinnacle waliokuwa na Score na Donruss wakafilisika 1998, Fleer wakafunga 2005. Hata Marvel wa komiki, waliokuwa wamewanunua Fleer, SkyBox na Panini, waliomba ulinzi wa kufilisika Desemba 1996, na biashara ya kadi ilikuwa sehemu ya mzigo uliowaangusha.

Lakini usidhani ziada ilizaliwa hapo. Mwaka 1952 Topps waliprinti sehemu ya mwisho ya seti yao wakati msimu umeshakwenda mno, maduka hayakuitaka, maboksi yakalala bohari miaka na miaka. Sy Berger, mtu wao mwenyewe, alisimulia baadaye kwamba 1960 waliyapakia kwenye tishari wakayamwaga baharini. Ndani yake zilikuwemo kadi namba 311 za Mickey Mantle, nyota wa baseball. Moja iliyobaki katika hali nzuri iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Yaani kadi ambayo kila mtu anaiota ilikuwa stoku iliyokataliwa! Tofauti ni kwamba ziada ya wakati ule ilizama, au mama alisafisha chumba akaitupa. Ya leo inavalishwa plastiki dakika ileile inapotoka kwenye pakiti, haipotei, kwa hivyo kila mwaka unaongeza juu ya mwaka.

plati_na_wino

Mimi si mtu wa kadi, kijana wangu ndiye alinitumia hii akijua nitaongea. Nimekuwa kwa kazi ya kuprinti Kirinyaga Road tangu enzi za filamu, kabla kompyuta ianze kutoa plati (bamba la kuprintia) yenyewe. Nawaambia kitu kimoja ambacho mtu wa soko haoni, gharama ya kuprinti iko mwanzoni. Unatengeneza plati nne, unafunga kwa mashine, unaanza kutafuta rangi, hapo unaharibu karatasi mpaka nyekundu ikae mahali pake. Ikishakaa, kila shiti inayofuata ni karatasi na wino basi. Mheshimiwa akija wakati wa kampeni anataka posta elfu moja namwambia aongeze kidogo nimpe elfu tatu, na sio wema, ni mashine tayari inazunguka.

Kijana alinionyesha picha ya shiti ya Topps ambayo haijakatwa. Kadi 132, kumi na moja kwa kumi na mbili. Seti yao kubwa kuanzia 1982 mpaka 1992 ilikuwa na kadi 792 kila mwaka, sasa gawanya, ni shiti sita kamili hakuna kona imebaki. Kwa hivyo ukikuta mle ndani kuna mchezaji wa akiba ambaye hata mkewe hakununua kadi yake, ujue alikuwa anajaza shiti. Mimi nimefurahia sana hiyo hesabu, ni fundi alipanga ile seti. Sasa mtu amefunga hizo shiti sita, rangi imekaa, na wakala anapiga simu anataka zaidi. Nani atazima mashine? Mimi sijawahi kuzima.

Hizo rangi mnazolilia nazo ni foili na lamineti tofauti juu ya picha ile ile. Picha haibadiliki, plati za picha hazibadiliki. Na kilichonivunja mbavu kabisa ni kwamba hizo plati zenyewe, ya siani, ya majenta, ya manjano na nyeusi, siku hizi Topps wanazikata vipande vya ukubwa wa kadi wanavitia ndani ya pakiti, kila kimoja kimeandikwa 1/1. Mchezaji mmoja, plati nne, na zote ni "moja pekee duniani". Mimi plati zangu nikimaliza nauzia watu wa skrepa kwa kilo. Kijana ananiambia niweke ya kalenda ya sacco eBay.

meza_ya_kadi

😂😂 Mzee shikamoo, hiyo ya mchezaji wa kujaza shiti imeniua, na ndio imejaa kwa beseni.

Sasa Mswahili, kwa hivyo unamaanisha kampuni tano ama moja ni kitu kimoja tu?

Mswahili_SouthB

Hapana, si kitu kimoja. Kampuni zikiwa tano, mmoja akikuudhi unahamia kwa mwingine, na kila mmoja anaogopa akipunguza mwenzake atachukua nafasi yake dukani, basi hakuna anayepunguza. Ikiwa moja, haina wa kuogopa dukani, lakini imeinunua hiyo leseni kwa pesa ndefu na ligi inataka malipo yake kila mwaka. Fanatics, kampuni ya Marekani ya bidhaa za michezo, walifunga mikataba na baseball, NBA na NFL 2021, Topps akabaki bila mustakabali, na Januari 2022 wakamnunua kwa takriban dola milioni 500. Panini wakawashtaki Agosti 2023 kwa madai ya kuhodhi soko, Fanatics nao wakawashtaki Panini. Pesa ya kununua leseni na kampuni nzima lazima irudi, na njia ya kuirudisha ni karatasi.

Na zote mbili, tano au moja, zinalipwa siku ileile wewe unapolipia boksi. Bei ikianguka wiki inayofuata hasara hairudi kwao, inabaki mezani kwako hapo Sarit. Hilo ndilo ningekuwa nalikazia macho kuliko idadi ya kampuni. Kampuni inayomuuzia mchuuzi, mchuuzi akavumilia hasara kimya, itaprinti mpaka mchuuzi aseme basi.

Ndiyo maana Topps Now haijanikera. Mchezaji anafunga leo, kadi inauzwa onlaini kwa muda mfupi, kwa kawaida masaa 24, zinaprintiwa zilizoagizwa, kisha wanatangaza idadi. Inaweza kuwa elfu nyingi, lakini unaijua. Boksi la kawaida hujui chochote.

mama_wa_mapacha

Samahanini nimeingia kati. Nyinyi wanaume mbona mnaongea kadi ni kama shamba la Kitengela? Mimi nina vijana wawili wa darasa la nne, wanachotaka ni kujaza. Kwa albamu ya stika za World Cup, hiyo ya Panini wanatoa tangu 1970, kitu ikiwa nyingi ndio poa, juu ndio mtoto anapata za kubadilishana. Ikiwa adimu basi mtoto wangu hatamaliza ukurasa wa Brazil, itabaki shimo. Huku Ngara jioni utawapata kwa ngazi za ploti wanapitisha kidole "ninayo, ninayo, sina", na Mbappé mmoja amebadilishwa na watu watatu wa nchi zenye sijawahi kusikia, na aliyetoa Mbappé ameenda amefurahi juu amefunga ukurasa.

Hata sisi tulicheza na zile kadi za WWF, urefu, uzito, ranki, kifua, unampiga mwenzako na ranki unachukua kadi yake. Zilikuwa zimejaa kila mahali, zimekunjika pembe, hakuna mtu aliuliza zimeprintiwa ngapi.

Yenye imeniudhi mimi ni hii mambo ya leseni. Vijana walikuwa na faili ya Adrenalyn ya Panini ya EPL, imejaa karibu yote, wamepanga kwa timu. Msimu huu EPL imehama, sasa inaitwa Match Attax, ya Topps, namba za ulinzi na mashambulizi hazilingani na zile za zamani, hauwezi kuzichanganya mkicheza. Faili mpya, kadi mpya, pesa mpya. Kaka wa meza, wewe ungekuwa unauza zile za kawaida kwa furushi, timu moja moja, watoto wangekumaliza stoku.

greidi10

Mama heshima zako lakini hapa kuna watu wawili tofauti wanatumia neno kadi. Kuna kitu ya mtoto na kuna kitu ya pesa na pesa haijaenda popote. August 2025 ile kadi moja ya Jordan na Kobe, Upper Deck Exquisite ya 2007-08, saini mbili na nembo mbili za NBA zilizotolewa kwa jezi, imeuzwa dola milioni 12.932. March 2025 kadi ya Paul Skenes wa baseball, moja pekee, imeenda dola milioni 1.11 na mwenye aliitoa kwa pakiti ni mtoto wa miaka 11. Kwa hivyo mafuriko yako chini, juu kule ni kukavu kabisa. Bosi acha kuuza pakiti, nunua kadi moja ya maana, lala nayo.

kware_alumni

@greidi10 na ile Jordan ya Fleer 1986 je? January 2021 PSA 10 ziliuzwa dola 738,000, watu wakaanza kutuma kila kitu PSA mpaka March wakafunga kupokea, na mwaka uliofuata hiyo hiyo kadi ilikuwa chini ya nusu. Kadi ilikuwa ile ile, Jordan ni yule yule, pete sita. Lala nayo lakini uamke mapema.

greidi10

Hiyo ni ya walionunua kileleni. Wenye walikuwa nayo tangu zamani bado wanacheka. Na si unaona penye inasaidia, 1986 Topps alikuwa ameshaacha basketi, kadi za NBA zilikuwa hazitakiwi, Fleer hakuwa na sababu ya kuprinti nyingi. Ndio maana iko bei.

Mswahili_SouthB

Hapo umenena vizuri kuliko ulivyokusudia. Kadi zote kubwa mlizotaja zinatoka wakati hakuna aliyekuwa akitafuta kadi kubwa, au zimefanywa moja kwa makusudi. Katikati hapo, kadi ya rangi ya kijani isiyo na namba, iliyoprintiwa mwaka ambao kila mtu alikuwa ananunua ili aweke, mimi sioni nani ataikosa.

Na kwa maboksi ya Panini ya ndugu yetu, kuhama leseni peke yake hakufanyi boksi liwe adimu. Panini walikuwa na NBA tangu 2009, wameprinti vya kutosha. Ukiwa na la msimu wa 2023-24 wenye Wembanyama mteja yupo, litoe likiwa bado lina jina. Ya misimu isiyo na ruki wa maana fungua uuze kadi, usilale nayo ukingoja miujiza.

meza_ya_kadi

Nimeskia. Nitafanya hivi, mbili za Wembanyama naziweka sokoni wiki hii, na hizo zingine nafungua. Oda mpya ya NBA nimesimamisha, mtu wa jumla amenipigia nikamwambia ngoja. Ile Match Attax nitachukua, ni rahisi na kuna watoto kweli, sio watu wa kucheki simu.

@mama_wa_mapacha nimekaa na hiyo maneno ya furushi nikaona iko sawa. Nimeanza kupanga, Arsenal na Chelsea ni nyingi, Man U ndio mob kabisa 😅 kadi thelathini za timu moja na plastiki juu kwa 200. Kuna hata Wanyama wa Southampton amepatikana, ile Match Attax ya kitambo, sijui nani aliiacha.

mama_wa_mapacha

Wanyama weka kando na mimi, hiyo si ya watoto, ni yangu. Na uniwekee Arsenal furushi mbili zisiwe na majina ya kurudiana tafadhali, mapacha wakipata sawa ni vita nyumbani. Natuma mtu wa boda Jumamosi.

msee_wa_rongai

Swali dogo kabla hii haijafungwa. Hizo kadi za namba, 7/25 sijui 1/1, nani huhakikisha hawakuprinti 1/1 mbili? Si mashine iko kwao?

plati_na_wino

Kijana swali zuri, na jibu ni kwamba kwa nje hakuna. Namba inapigwa baadaye, kazi ya mwisho, na mwenye anahesabu ni kampuni. Kinachowazuia ni jina lao, wakishikwa na mbili mara moja tu hakuna mtu atalipa milioni kwa kadi yao tena, na kadi kubwa zinapigwa picha kila mahali kwa hivyo ya pili ingeonekana. Kwetu hapa nikiprinti vyeti vya shule ama risiti za namba, mteja mwenye akili husimama karibu na mashine mpaka nimalize, tunahesabu pamoja, zilizoharibika namkatia mbele yake.

msee_wa_rongai

Na asiposimama?

plati_na_wino

Asiposimama ni shauri yake mkubwa, mimi nalipwa kuprinti. Haya nawaacha, stima imepotea hapa tangu saa tisa na nina kadi za harusi za Jumamosi.